Ndama wa Maji Machafu

Shangazi aligoma.

Alifika chini ya kilima, akatikisika kama uji mzito kwenye bakuli, kisha akakaa. Nkwimba akapiga filimbi. Kimya. Akamgusa ubavuni kwa ncha ya fimbo, pale inapotoa kacheche kadogo, na Shangazi akajikunja, akatoa povu, halafu akarudi nyuma badala ya kwenda mbele.

"We Shangazi, usinitie aibu," Nkwimba alimwambia. "Tanuri ni hapo tu juu. Wenzako wameshafika wamekauka, wewe unaringa nini?"

Huo ulikuwa uongo. Hakuna mwenzake hata mmoja aliyekauka, na Nkwimba alijua, na pengine Shangazi naye alijua.

Shangazi alikuwa donge la maji. Maji ya kuoshea malori, ukitaka ukweli wake: mafuta, tope la mwamba, risasi, arseniki, na sabuni nyingi kuliko inavyotakiwa. Mgodi wa Lubondo uliyatia chembe, unga mweupe laini kuliko unga wa muhogo. Chembe zikishiba jua zinashikana mikono, zinaifunga ile takataka yote ndani ya ngozi moja, na linatokea donge kubwa kama ndama, la kijivu, lenye rangi za mafuta mgongoni, linalotembea kwa kujiviringisha na linaloogopa fimbo. Zamani maji ya migodi yalikuwa yanakaa kwenye mabwawa yanangoja bahati mbaya. Siku hizi yanachungwa.

Na mchungaji wa Lubondo alikuwa Nkwimba.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila wiki unachagua madonge ya zamani, unayapandisha kwenye tanuri, yanakauka, madini yanabaki chini kama ukoko wa ugali, chembe zinachekechwa na kurudishwa kazini. Lakini Nkwimba alikuwa binti wa wafugaji. Alipoona zizi lake linajaa, moyo ulimjaa pia. Wageni walikuwa wakisimama ukutani na kusema, "Alaa, hili kundi ni lako peke yako?" Naye anajifanya hasikii, huku anatembea polepole ili waendelee kusema. Basi wiki moja akasema atapeleka wiki ijayo. Wiki ijayo akasema huyu bado mdogo, yule ana rangi nzuri, wale wawili wamezoeana.

Halafu yakaja mashindano ya usafi wa malori. Malori ya Lubondo yanajiendesha yenyewe, lakini kila lori lina dereva wake, na kazi ya dereva ni kuliosha, kulisemesha, na kuligombania likisemwa vibaya. Jana madereva wote walikuwa wameosha. Wakaosha tena. Wakapaka nta, wakaona jirani kang'arisha zaidi, wakaosha upya. Jioni lori lililoshinda lilifungwa riboni mpaka kwenye vioo, na zizi la Nkwimba lilikuwa halina mahali pa kuweka mguu.

Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa anambembeleza Shangazi.

"Nkwimba! Nkwimba wee!"

Injinia Pazi alikuwa anakuja kutoka ofisini, kofia mkononi, tumbo mbele. Alikuwa Mzaramo mnene, mpole, mwenye miaka mingi hapa Usukumani, na bado aliogopa ng'ombe. Aliogopa hata hawa wa maji. Akasimama mbali kidogo na Shangazi.

"Wako wangapi zizini?"

"Wengi, Injinia."

"Wengi siyo hesabu."

"Kwetu mifugo haihesabiwi kwa sauti."

"Haya, ninong'oneze."

Nkwimba akamsogelea, akamnong'oneza. Injinia Pazi akakaa juu ya jiwe kama mtu aliyepigwa ngwala.

"Zizi ni la ishirini," alisema.

"Najua."

"Umezidisha mara mbili!"

"Na kidogo," Nkwimba alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

Injinia hakugomba. Alinyoosha tu kofia yake kuelekea magharibi. Nkwimba akageuka. Wingu lilikuwa limesimama nyuma ya kilima cha mawe, jeusi, limejaa, limetulia kama mtu anayejua hamna wa kumzuia.

"Mitambo ya anga inasema mchana huu," Injinia alisema. "Yote kwa mkupuo. Mfereji wa mvua hautaweza."

Mfereji wa mvua ulizunguka mgodi mzima. Kazi yake ni kuyashika maji pori, yaani maji safi yanayotoka mbinguni, na kuyapitisha pembeni mpaka kijito cha Nhumbu bila kugusana na uchafu wa mgodi. Mvua ya kawaida inapita vizuri. Lakini maji yakiruka ukuta na kuingia zizini, yatawazingira madonge, na donge likizama kwenye maji pori chembe zinaachiana mikono. Linayeyuka. Sumu yote inakwenda na maji, Nhumbu, halafu majaruba ya mpunga ya kijiji cha Mwalukonde.

Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke.

"Tanuri?"

"Tanuri linakausha mmoja mmoja. Mpaka uwamalize hao, tutakuwa tumezeeka."

"Tuwashushe shimoni basi."

"Pampu za shimo zinamwaga wapi?"

"Nhumbu," Nkwimba alijibu mwenyewe.

Kisha Injinia akasema taratibu, kama mtu anayekanyaga kwenye utelezi, "Mwalukonde iko juu. Ni mwendo wa nusu saa. Si mna desturi nyinyi, mtu akiwa na ng'ombe wengi anawaweka kwa majirani, huyu mmoja, yule wawili? Tuwaombe kila kaya ichukue mmoja mpaka kesho."

"Sumu? Uani kwa watu?"

"Ngozi inawashika."

"Ngozi inashiba jua, Injinia. Jua liko wapi leo? Wanaweza kushika mpaka kesho. Wanaweza wasishike."

Injinia Pazi akajifuta uso kwa kofia. "Nisikilize, mwanangu. Ukiwaambia ni sumu, watakataa. Mimi ningekataa. Wakikataa, sumu hiyohiyo inaingia kwenye mpunga wao, na wataila mwaka mzima. Ukiwaambia ni maji tu, wengi wetu tutalala salama. Na si uongo. Ni maji."

"Ni maji tu," Nkwimba alirudia, akijaribu neno lilivyo mdomoni.

"Basi. Maji tu."

*

Kundi zima likapanda kilima. Shangazi, aliyekataa kwenda peke yake, alipoona wenzake wanatoka alitangulia mbele kabisa kana kwamba safari ni wazo lake. Nkwimba alipiga filimbi kulia na kushoto. Injinia Pazi alikuwa nyuma, na fimbo aliyoishika kama mwavuli, akisema "Tafadhali, tafadhali" kwa kila donge lililochelewa.

Mwalukonde iliwaona kutoka mbali. Kwanza walilia ng'ombe, maana ng'ombe wa siku hizi wana hereni zinazosema, na zote zikaanza kwa pamoja: *Mifugo migeni. Mifugo migeni. Haina chanjo.* Halafu wakatoka watu.

"Nani anaolewa?" akapaza sauti Mama Holo, mwanamke mrefu mwenye jaruba kubwa kuliko yote kule kijitoni. Alikuwa amefunga kanga kiunoni na unga mikononi. "Nkwimba mwanangu, haya mahari ni ya nani?"

"Mahari ya maji!" alidakia Lugwisha, kijana mwenye mdomo mpana aliyekuwa msimamizi wa josho la ng'ombe. "Mkwe akikasirika anayanywa, kesi imekwisha!"

Watu wakacheka. Halafu wakamwona Injinia, na kicheko kikapata mwenyewe.

"Mtani! Leo umechunga?"

"Mzaramo amechunga nini tangu azaliwe, zaidi ya nazi?"

"Hata nazi zenyewe zilimtoroka!"

"Nyie Wasukuma," Injinia akajibu huku akihema, "mnacheka leo, kesho mtakuja kuniomba kitoweo. Na sitawapa." Akavua kofia. "Jamani, tunaomba hifadhi ya siku moja. Mvua inakuja, zizi limejaa. Kila kaya ikituchukulia mmoja, kesho tunakuja kuwafuata. Hawali, hawapigi kelele. Ni maji tu."

Nkwimba akaangalia chini.

Hakuna aliyesita. Hilo ndilo lililomuumiza baadaye alipolifikiria, kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Kuwekewa mifugo ni heshima. Walianza kuchagua kama wako mnadani: mimi yule mwenye mgongo wa zambarau, mimi yule mfupi. Mama Holo alikuwa ameshamshika Shangazi kwa viganja viwili, unga wake unamwachia alama nyeupe.

"Nipeni huyu na yule pale," alisema. "Nitawaingiza jikoni, pale pembeni ya mtungi. Uani watapigwa na mvua, maskini."

Pembeni ya mtungi. Mtungi wa maji ya kunywa.

"Mama," Nkwimba alisema. "Usimweke jikoni."

"Kwa nini, ananuka?"

Injinia Pazi alikohoa. Alikohoa kwa nguvu, kikohozi kilichokuwa na sentensi nzima ndani yake. Wingu lilikuwa limeshafika juu ya mapaa. Nkwimba alijiona amesimama kwenye mlango wenye upepo pande zote mbili. Akisema, watakataa, na mpunga utakufa. Asiposema, huyu mama atalala na arseniki jirani na kikombe chake kwa sababu tu aliombwa na mtoto wa hapahapa.

"Ana sumu," alisema. "Wote wana sumu. Ni maji ya kuoshea malori. Ngozi yao ikichoka watapasuka. Na tukiwarudisha zizini mvua itawapeleka kwenye mpunga wenu. Na zizi limejaa kwa sababu yangu mimi, nilikuwa napenda kuwaona wengi. Hata hivyo nawaomba."

Mama Holo akaondoa mikono yake kwenye mgongo wa Shangazi, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeondoa mikono kwenye sufuria la moto.

Kisha kelele. Ilikuwa kelele ya kijiji kizima, ambayo haina mwanzo wala mwisho. Wengine walimfokea Nkwimba, wengine walimfokea Injinia, bibi mmoja alikuwa anamfokea mume wake ambaye hakuwa amesema lolote. "Maji tu! Mtani, maji tu?" "Ungetuua kwa tabasamu!" "Rudini nao!" "Warudi wapi, hujasikia wataingia kwenye mpunga?" "Basi wakae nao ofisini!" "Ofisi iko bondeni, mpumbavu wewe!"

Na juu ya kelele zote ikaja sauti ya Lugwisha, imejaa dharau.

"Sumu mnaleta kwenye nyumba za watu! Sumu ina mahali pake! Si mngeipeleka tu kwenye josho, ikakae na sumu mwenzake!"

Kelele ilikatika.

Watu wote wakageuka wakamtazama Lugwisha. Lugwisha naye akageuka, akitafuta wanamtazama nani nyuma yake.

"Josho," Mama Holo alisema.

"Aa-aa," Lugwisha akasema. "Hapana. Nilikuwa natania."

"Josho lina saruji," alisema mtu mmoja. "Lina paa."

"Liko juu kuliko nyumba zote," alisema mwingine. "Na lilijengwa lisivujishe hata tone, dawa ya kupe isije ikaua samaki."

"Jamani, nimelisugua!" Lugwisha alilia. "Nimemwaga dawa ya zamani, nimelisugua kwa brashi, mikono hii hapa, tazameni! Kesho natia dawa mpya! Ng'ombe wenu waogee wapi?"

"Ng'ombe wangu watakaa na kupe wiki moja," Mama Holo alisema. "Watajikuna. Mpunga wangu hauna mikono ya kujikunia." Akamgeukia Injinia, na utani ulikuwa umekauka kabisa usoni mwake. "Lakini ufunguo wa josho unabaki kwetu. Hatoki hata mmoja bila sisi kuona anakwenda wapi. Na kuanzia leo tunakuja kuangalia zizi lenu tunapotaka sisi, siyo mnapotualika."

"Mama, mimi sina mamlaka ya..."

"Basi rudi nao."

Radi ikapiga nyuma ya mawe. Tone la kwanza likamwangukia Injinia Pazi juu ya upara, kubwa kama punje ya hindi.

"Nimekubali!" alisema. "Nimekubali yote!"

*

Josho la Mwalukonde lilikuwa kama majosho yote: njia nyembamba ya kuingilia, ukingo, halafu shimo refu la saruji ambamo ng'ombe anaruka, anaogelea, na kutokea ngazi za upande wa pili. Walifunga upande wa pili kwa milango miwili na jiwe. Tatizo likabaki kwamba hakuna donge lililowahi kuruka maishani mwake.

Shangazi alifika ukingoni, akachungulia kama kweli ana macho, akakaa. Nyuma yake foleni nzima ikakaa.

Mvua ikaongezeka. Maji pori yakaanza kutiririka kwenye njia, yakiwalamba madonge chini, na Nkwimba aliona ngozi ya yule wa mwisho inaanza kung'aa vibaya, kama kioo cha taa iliyochoka.

"Fimbo yako haifai," Lugwisha alisema. Alikuwa bado amenuna, lakini alikuwa ameshavua viatu. "Umewazoesha kubembelezwa. Sogea."

Akapanda juu ya ukuta, akaweka mikono mdomoni, akatoa ule ukelele wa joshoni, ule unaoanzia tumboni na kuishia puani, ambao kila ng'ombe wa Mwalukonde akiusikia anajua kusita ni kupoteza muda. Chembe hazijui Kisukuma. Lakini zinajua mtikisiko, na ukelele wa Lugwisha uliitikisa saruji yenyewe. Shangazi akaruka. Hakuruka kwa hiari, alishtuka tu akajikuta yuko hewani. *Pwaa!* Kijiji kikashangilia. Wa pili, *pwaa!* Wa tatu. Watoto wakaanza kuuiga ukelele, mama zao wakaujazia, na madonge yakawa yanaanguka moja juu ya lingine, yanabanana, yanajipanga, mpaka josho likawa kama trei kubwa la mayai ya kijivu.

Akabaki wa mwisho. Alikuwa amelegea. Kila tone lililompiga lilimwachia kishimo, na kishimo hakikujaa tena.

"Hatafika," Nkwimba alisema. "Injinia, hatafika!"

Injinia Pazi alimtazama yule ndama. Akatazama bonde, na majaruba ya kijani yaliyokuwa yanameremeta kule chini. Kisha akavua koti lake la mvua, koti zuri la kazini lenye jina lake kifuani, akamfunika nalo yule ndama, akachuchumaa karibu naye kuliko alivyowahi kumkaribia mfugo wowote.

"Haya baba," alimwambia. "Mimi na wewe wote ni wageni hapa. Taratibu. Usinipasukie, nina watoto."

Wakaenda hivyo, hatua kwa hatua, Injinia akitembea kinyumenyume huku mvua inamchapa, akizungumza bila kunyamaza, kuhusu watoto wake, kuhusu bei ya samaki kwao Kisarawe, kuhusu jinsi alivyodanganywa kwamba Lubondo hakuna mvua. Walipofika ukingoni alijisahau akaendelea kurudi nyuma, na kama si Lugwisha kumdaka mkanda wa suruali, angeoga kama ng'ombe wa kwanza wa Kizaramo katika historia ya josho lile. Ndama akateleza pembeni yake, na koti likaenda naye.

"Mtani," Lugwisha alisema huku bado amemshika mkanda, "koti hilo nalo ni maji tu?"

Injinia Pazi alicheka mpaka akakaa chini.

Walijibanza wote chini ya paa la josho mvua ikiteremka. Na pale pale, mbele ya kila mtu, Injinia alitoa simu akawapigia wakubwa wa mgodi. Aliwaambia yote: zizi, madonge, josho, ufunguo, na ahadi aliyoitoa. Alipomaliza alikaa na simu sikioni muda mrefu.

"Wamesemaje?" Mama Holo aliuliza.

"Wamesema hawajasikia vizuri, nirudie."

"Na?"

"Nakwenda kurudia."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

*

Asubuhi zizi la Nkwimba lilikuwa ziwa. Ukuta ulikuwa umerukwa kweli, na maji pori yalikuwa yamesimama humo, safi, na ndege wawili weupe tayari wameshayaona. Nkwimba aliyaangalia kidogo tu. Akachukua kipimo chake, akashuka mpaka Nhumbu.

Mama Holo alikuwa ameshafika, na ng'ombe wake nyuma. Hereni zao zilikuwa zinalalamika: *Kiu. Kiu. Kupe. Kiu.* Alikuwa amewazuia kwa fimbo iliyolazwa mbele yao, na ng'ombe walikuwa wananyoosha shingo juu yake kuelekea maji.

"Mwangaluka, mama," Nkwimba alisalimia. Hakujua aweke wapi uso wake.

"Mwangaluka, mwanangu. Umelala?"

"Kidogo."

"Mimi nimelala fofofo." Mama Holo akaelekeza kidevu kijitoni. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa haraka na majani na vijiti. "Yananyweka?"

Nkwimba alikuwa na hakika. Donge hata moja halikubaki bondeni, alikuwa ameyaona yote yakiingia kwa macho yake. Angeweza kusema ndiyo.

"Sijui bado," alisema. "Subiri nipime."

Akaingia mpaka magotini, akazamisha kipimo, akangoja taa. Ng'ombe walingoja. Hereni zilingoja. Taa ikawa ya njano, ikafikiri, ikawa ya kijani. Nkwimba hakuiamini, akasogea juu kidogo, akapima tena. Kijani. Akaenda chini, penye kona ya jaruba, akapima mara ya tatu, huku Mama Holo amesimama pale pale, hana haraka.

"Ni tope tu," Nkwimba alisema alipopanda, miguu inachuruzika. "Tope la kawaida. Wanaweza kunywa."

Mama Holo akaondoa fimbo. Ng'ombe wakaingia majini wote kwa pamoja, wakasukumana, wakazamisha midomo.

"Jana nilikasirika mpaka nikasahau ugali motoni," Mama Holo alisema, akiwatazama wanavyokunywa. "Mume wangu ananiambia, leo usipeleke ng'ombe mtoni, subiri watu wa serikali waje wapime. Nikamwambia hapana. Naenda kumsubiri yule msichana. Akisema ndiyo kabla hajapima, nawarudisha nyumbani."